Don Gildo Ontiveros: Miaka Thelathini na Minane ya Kusema "Huenda"

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, saa sita kamili mchana, Don Hermenegildo Ontiveros atasoma vipimajoto vya kituo chetu kwa mara ya mwisho, ataandika namba daftarini, atafuta miwani yake, na kuanzia hapo atakuwa mstaafu. Atakuwa amekitumikia Kituo cha Hali ya Hewa cha Los Jarillales kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Mimi nimefanya kazi chini yake kwa miaka sita, na nimekuwa mke wa mtu kwa siku tisa. Nimeombwa niandike habari za miaka thelathini na minane, si za siku tisa. Nitajitahidi.

Rubén, mwenzetu wa vyombo vya kupimia ambaye pia ndiye mhariri wa jarida hili, amenionya mapema. "Yamila," aliniambia, "ukurasa ni wa Don Gildo. Jina la Nahuel lisizidi mara tano." Nahuel ni mume wangu. Naona moja imeshatumika.

Don Gildo aliingia kituoni tarehe 1 Julai 1987. Hakuwa mtaalamu wa hewa wala wa mawingu. Tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye cheti cha sekondari na baiskeli, na yeye alikuwa mtoto wa mpogoa mizabibu mwenye vyote viwili. Ilikuwa katikati ya baridi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvunja barafu kwenye ndoo ili apate maji ya chai ya yerba. Mengine yote alijifunza akiwa kazini: kwa vitabu alivyotumiwa kwa posta, kwa kuwasikiliza wakulima, na zaidi kwa kukosea mbele za watu.

Tangu hapo amesoma vipimajoto mara tatu kwa siku. Amekosa siku mbili tu. Moja ni siku aliyozaliwa binti yake. Ya pili ni siku alipojifungia nje ya uzio na ufunguo ukiwa ndani, kisha akasoma vipimo kwa darubini ya jirani. Ofisi kuu ilikataa kuzipokea namba hizo. Mpaka leo anasema zilikuwa sahihi.

Kila Alhamisi huandika mwelekeo wa hali ya hewa wa bonde lote, na mimi huupiga chapa na kuusoma saa sita kwenye redio ya ushirika. Kwa miezi kumi ya mwaka, tuseme ukweli, hatusikilizwi na mtu. Watu wanangoja nambari za bahati nasibu zinazotufuata. Lakini Septemba na Oktoba, ubaridi wa majira ya kuchipua unapoanza kuliachia nafasi joto, bonde zima hunyamaza ikifika saa sita. Miaprikoti imeshatoa maua, miche ya nyanya inarefuka shingo kwenye vitalu, na kila mtu anataka kujua jambo moja tu: jalidi, ile barafu ya alfajiri inayounguza miche, imekwisha, au bado iko njiani kutoka kusini? Ukipanda baada ya jalidi ya mwisho, una mwaka mzuri. Ukipanda siku moja kabla yake, umemaliza mwaka wako asubuhi moja.

Na hapa ndipo Don Gildo alipojipatia sifa yake. Machi mwaka 1991, wakati wa sherehe ya kumchagua malkia wa mavuno, aliandika kwa ujana wake wote: "Jumamosi anga itakuwa safi." Jumamosi ilinyesha mvua ya mawe makubwa kama kokwa za jozi. Malkia alivishwa taji chini ya trela la trekta, na meya akamalizia hotuba yake akiwa amevaa sufuria kichwani. Tangu Jumamosi hiyo, neno "huenda" liliingia katika maandishi ya kituo chetu na halikutoka tena. Huenda joto likapanda. Huenda upepo ukabadilika. Rubén anayo kadi ya siku ya kuzaliwa aliyoandikiwa na Don Gildo: "Huenda ukaishi miaka mingi."

Mjini hawakumwacha nalo kwa amani. Tito, mwenye bucha, humfungia nyama kila Jumamosi na kumwambia, "Chukua, Don Gildo. Huenda ikawa laini."

"Na huenda nikakulipa," humjibu Don Gildo, kisha hulipa.

Mama mmoja alimsimamisha njiani wakati mmoja akiwa na beseni kichwani. "Don Gildo, nianike nguo au nisianike?"

"Anika," akasema, "lakini usiende mbali."

Mimi mwenyewe nilionja tabia hii mwezi wa Julai, nilipomwambia kwamba nitaolewa Jumamosi tarehe 18 Oktoba, nje, uani kwa wakwe zangu, chini ya maua. Nilimwomba aniahidi jua. Alifungua kabati, akatoa madaftari yake yote, akakaa nayo siku nzima. Kesho yake alinipa hesabu: katika tarehe 18 za Oktoba alizozipima, ishirini na tisa zilikuwa na jua, sita zilikuwa na upepo mkali, na tatu zilikuwa na mvua.

"Kwa hiyo jua!" nikasema.

"Kwa hiyo kodi turubai, binti yangu."

Sasa nafika pale ambapo ningependa kupita haraka, lakini siwezi, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Hapa mjini watu wanasema kwamba Don Gildo aliukosea mwelekeo wake wa mwisho mkubwa, ule wa tarehe 9 Oktoba, na kwamba umri umemwingia. Hakuukosea. Aliyekosea ni mimi, na nilikosea kwa sababu ya mapenzi. Sisemi hivyo nionewe huruma. Mapenzi yangu nayapenda. Lakini jina la mzee haliwezi kutoka kituoni likiwa limebeba kosa langu.

Alhamisi hiyo aliandika sentensi tano. Ya tatu ilisema kwamba siku za baridi zinapungua na joto la mchana litapanda mpaka nyuzi ishirini na sita. Ya nne ilisema: "Hata hivyo, huenda jalidi moja ikarudi kabla ya tarehe 20, miche ya nyanya isipandwe kwa sasa." Niliingia studio nikiwa nimepanga kusoma zote. Nilipofika kwenye ya tatu, nikainua macho, na nyuma ya kioo alikuwa amesimama Nahuel, buti zake zimejaa tope la mifereji, amebandika kwenye kioo karatasi kutoka ofisi ya ndoa: tumethibitishiwa ndoa yetu saa tano asubuhi! Akaweka mkono kifuani. Nami nikaisoma sentensi ya tatu kwa sauti ambayo nadhani hakuna aliyewahi kuitumia kutaja nyuzi joto. Kisha nikashuka moja kwa moja kwenye ya tano, "Kituo kinawatakia wiki njema," nikatoka mbio kwenda kumkumbatia.

Sikujua kwamba nimeruka kitu. Siku zote tatu zilizofuata sikujua kitu chochote.

Joto kweli lilikuja. Jumapili upepo wa Zonda ulishuka kutoka milimani, mkavu na wa moto kama pumzi ya tanuri la mkate, na watu wakatoa viti nje. Wenye bustani ndogo walipanda miche michache nyuma ya nyumba. Doña Ercilia Videla, mjane wa barabara ya chini, alipanda yote aliyokuwa nayo. Miche elfu nne. Hana mizabibu wala mifugo. Nyanya hizo ndizo mwaka wake mzima.

Jumatatu asubuhi Don Gildo aliangalia vipimo, akaangalia kusini, akasema joto lile lilikuwa linavuta baridi nyuma yake kama mtu anavyovuta mkokoteni. "Kesho alfajiri jalidi," alisema. "Bahati nzuri hakuna aliyepanda."

Simu ikalia. Alikuwa Doña Ercilia, na sauti yake niliisikia nikiwa mezani kwangu. "Don Gildo, huu upepo wa kusini wa nini? Ninyi si mlisema joto limekuja? Nimepanda yote!"

Don Gildo alifunika simu kwa kiganja, akaomba nakala ya Alhamisi. Aliweka kidole kwenye sentensi ya nne, akanitazama.

"Hii uliisoma?"

"Nahuel alikuwa dirishani," nikasema, kana kwamba hilo ni jibu la kitaalamu.

Angeweza kusema mengi. Aliondoa kiganja kwenye simu, akasema, "Doña Ercilia, kosa ni langu. Naja sasa hivi." Ndivyo alivyolichukua, na tangu siku hiyo hakulirudisha.

Bondeni kwetu, mche uliopandwa mapema huvishwa kofia ya karatasi, ukingo wake ukakandamizwa kwa udongo, ukalala salama kama mtoto. Zamani kila nyumba ilikuwa na marundo ya magazeti kwa kazi hiyo. Siku hizi habari zote ziko kwenye simu, na hakuna mche uliowahi kufunikwa kwa simu. Don Gildo alisimama katikati ya ofisi, akafikiri, kisha akafungua stoo. Tangu mwaka 1987 tunachapisha nakala nyingi za mwelekeo kuliko zinazotakiwa, na zile ambazo hazikutakiwa zimehifadhiwa humo. Ni masanduku kumi na manne. Alimwomba Rubén amsaidie kuyabeba mpaka kwenye gari.

"Hiyo ni kazi yako yote, mzee," Rubén akamwambia.

"Zilizosomwa ziko makwao," akasema Don Gildo. "Hizi bado hazijapata kazi."

Kufikia saa nane mchana tulikuwa watu kama thelathini ghalani kwa Doña Ercilia, tukikunja. Tito alikuwa amefunga bucha, na alikuja na ulimi wake.

"Agosti 2003," akasoma kwa sauti ya redio. "'Huenda theluji ikashuka mpaka barabarani.' Je, ilishuka?"

"Haikushuka," akasema Don Gildo.

"Na hii ya Juni 1996?"

"Hiyo nayo haikushuka. Kunja."

"Basi leo hatimaye utabiri wako utafunika kitu!"

Ghala zima likacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Don Gildo, akiwa amepiga magoti kwenye majani makavu, anakunja Machi 1991 bila kuisoma. Mimi niliiona tarehe.

Nahuel, ambaye ndiye mgawa maji wa barabara ya chini, ndiye afunguaye milango ya mifereji kila shamba linapofikiwa na zamu yake, alijua kwamba udongo uliolowa hushika joto la mchana. Lakini zamu ya Jumatatu ni ya mizabibu ya Tito. Alimwendea na kofia mkononi.

"Chukua maji," Tito akamwambia. "Lakini zabibu zangu zikinyauka, keki ya harusi yako naila peke yangu."

Maji yakaja kwenye matuta. (Ndiyo, Rubén, nimehesabu. Jina la mume wangu limebaki mara moja.)

Tatizo lilikuwa upepo. Kofia ishirini za kwanza tulizoziweka ziliruka zote, zikatua mferejini, zikaelea kuelekea mjini. Tukizivalisha mapema, upepo ungezichukua zote na karatasi zisingebaki. Tukichelewa, giza lingetukuta na elfu nne mikononi. Doña Ercilia alisimama mbele ya Don Gildo, mikono imejaa udongo mpaka viwiko.

"Upepo unatulia saa ngapi?" akamwuliza. "Na leo, Don Gildo, usiniambie huenda."

Watu wakaacha kukunja. Don Gildo alitoka nje. Akatazama milima, akatazama vilele vya miti mirefu iliyopandwa kando ya barabara kukinga upepo, akatoa kipimo chake cha mfukoni cha mgandamizo wa hewa, akakigonga kwa ukucha mara mbili. Kama angekosea hapo, mama yule angepoteza kila kitu mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili kwa neno la kituo chetu.

"Saa kumi na moja," akasema.

"Huenda?" akadakia Tito, lakini polepole.

"Saa kumi na moja."

Saa kumi na moja ilipofika, tulikuwa tumejipanga kwenye matuta, kila mmoja amekumbatia kofia zake kifuani. Upepo ulikuwa bado unavuma. Saa kumi na moja na dakika kumi ulivuma zaidi. Don Gildo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Tito alikuwa na nafasi ya kusema jambo la kukumbukwa kwa miaka ishirini, na hakusema neno. Ndipo nilipojua kwamba anampenda.

Saa kumi na moja na dakika ishirini vilele vya miti vikasimama. Hakuna aliyeshangilia. Tuliinama tu na kuanza kuvalisha, mche baada ya mche, karatasi na udongo, karatasi na udongo, mpaka mgongo wangu wa bibi harusi mtarajiwa ukasahau kabisa habari za kucheza densi. Mstari wa mwisho wa chini karatasi zilituishia. Don Gildo alitaka kukimbia kituoni kuleta madaftari. Doña Ercilia mwenyewe akamkataza. "Hayo hapana," alisema. "Hayo ni ya kweli."

Alfajiri ya Jumanne kipimo kilisoma nyuzi mbili na nusu chini ya sifuri. Tulingoja jua lipande, lipashe karatasi, kisha Doña Ercilia akaanza kuinua kofia kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria ya wali kuona kama umeiva. "Mzima," alisema. Akaenda wa pili. "Mzima." Alitamka neno hilo mara nyingi sana, na hakuna aliyemwambia inatosha. Miche mia tatu na kumi ya mstari wa chini ilikuwa imekuwa myeusi. Iliyobaki yote ilisimama.

Don Gildo ameniomba niandike kwamba alikosea kwa dakika ishirini. Nimeandika.

Harusi yetu ilikuwa Jumamosi iliyofuata, na nitaieleza kwa sentensi moja ili Rubén asifute: turubai tuliikodi, upepo ukaichukua kabla ya keki kukatwa, ikaonekana kwa Tito, na mimi sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu. Sentensi hiyo imebeba tatu, naona. Nisameheni.

Lakini katika furaha hiyo, nilinyamaza. Nilikuwa nikisikia kwenye duka la mkate, "Maskini Don Gildo, mwaka wa mwisho kateleza," nami nikinunua mikate yangu miwili, mmoja wangu na mmoja wa mume wangu, nikaenda zangu. Yeye alikuwa akiulizwa usoni, na akijibu, "Mambo ya hewa." Nilisubiri anikemee ili nipate pa kuanzia. Hakunikemea. Mtu akikukaripia, mnakuwa mmelipana. Yeye alinipa asubuhi yangu ya kawaida, yerba yangu ya kawaida, na akaniuliza kama wakwe wamepona na kazi ya harusi.

Alhamisi tarehe 23 Doña Ercilia alikuja kituoni. Alikuwa amebakiwa na miche ya akiba kitaluni, ya kutosha kujaza mstari wa chini, na alitaka kujua kama aipande au aendelee kungoja. Nilimkamata mlangoni kabla hajamfikia mzee, nikamwambia yote: sentensi ya nne, kioo, karatasi ya ofisi ya ndoa, buti. Nililia kidogo.

"Mtoto," akasema, "ulilisoma lile joto kana kwamba linakuja kukuposa. Mimi mwenyewe nilivua sweta. Ungeniambia mapema, ningejua kwamba sikudanganywa na yeye." Kisha akanipa leso yake, ambayo ilikuwa na udongo, na akaingia ndani.

Don Gildo alikuwa anamalizia mwelekeo wa wiki, mwelekeo wake wa mwisho kabisa, kwa kuwa ule wa tarehe 30 ameniachia mimi niuandike. Doña Ercilia hakukaa. "Nipande?" akamwuliza.

Aliangalia daftari, akaangalia kusini kupitia dirishani, na akaandika kabla ya kujibu. Rubén aliisoma karatasi ile mara mbili akitafuta neno fulani, hakulikuta. Ilikuwa na sentensi mbili tu: "Jalidi imekwisha. Pandeni."

Niliisoma redioni saa sita, yote, neno kwa neno, pazia la kioo likiwa limefungwa na mume wangu ameamriwa abaki ng'ambo ya barabara. Baada ya kuisoma, niliongeza yangu: kwamba mwelekeo wa tarehe 9 ulikuwa sahihi, kwamba ulionya, na kwamba onyo hilo nililiruka mimi, Yamila Lucero. Wasiosikia redio sasa wanaisoma hapa. Don Gildo aliniambia haikuwa lazima. Ilikuwa lazima.

Nimeandika makala hii Jumatatu. Leo alfajiri kipimo kimesoma nyuzi tisa juu ya sifuri, na miche mia tatu na kumi mipya imeshika kwenye mstari wa chini.

Don Gildo, kituo chako kinakushukuru: kwa kila kipimo ulichokisoma baridi ikiuma vidole, kwa kila kijana uliyemfundisha kuangalia mbinguni kabla ya kufungua mdomo, na kwa kulibeba kosa la mtu mwingine bila kumwonyesha uzito wake. Ustaafu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake, wewe na mkeo Doña Mirta, na mzeeke pamoja kama mimi ninavyotamani kuzeeka na wangu. Doña Ercilia anasema sanduku la kwanza la nyanya litafika mlangoni kwenu katikati ya Januari. Muwe nyumbani, mle mshibe, na mwaka wenu uwe mwema.